Nina milioni 14 na benki imenikubalia mkopo: ninunue pagale la Mbagala au viwanja vya Mkuranga?

SWALI

Shikamoo dada.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kilosa, nina miaka 33, nimeoa na tuna watoto wawili. Nimekuwa nikidunduliza kwa miaka kadhaa na sasa kwenye akaunti kuna shilingi milioni 14. Humo, milioni 5 ni za mke wangu, walivunja kikoba mwaka jana akaniomba nimtunzie.

Nataka kuanza uwekezaji wa viwanja na nyumba. Mwezi uliopita nilijiunga na darasa la mtandaoni, nikalipa elfu themanini. Mkufunzi wetu anasema anayesubiri awe na hela zake atasubiri hadi astaafu. Unatumia hela za watu, unanunua nyumba iliyochoka, unaikarabati, unaiuza ndani ya miezi mitatu, unarudia. Nilitoka pale damu inachemka.

Sasa nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni viwanja vinne vya miguu 20 kwa 20, katika kijiji kimoja cha Mkuranga. Kimoja ni milioni 2.7, nikichukua vyote vinne kwa mpigo dalali ananiachia kwa milioni 10. Havijapimwa, ila anasema mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri siku hiyo hiyo, na kuna barabara ya lami na kiwanda vinakuja, hivyo mwakani kimoja kitakuwa milioni 6. Nimeshampa laki tatu ya kushika nafasi.

Ya pili ni pagale la vyumba vinne Mbagala, jirani na baba yangu mdogo. Limeishia kwenye lenta. Mwenye nyumba alifariki miaka miwili iliyopita, anayeuza ni mtoto wake mkubwa, anataka milioni 11. Anasema ndugu zake wote wameridhia. Mjane anaishi kwenye kibanda cha nyuma na ameahidiwa atahamia kwa binti yake. Fundi wa baba mdogo amenikadiria milioni 13 kumalizia hadi kukabidhi funguo. Vyumba mtaa ule vinapangishwa elfu 60 kwa mwezi.

Benki imenikubalia mkopo wa mtumishi wa milioni 12, riba asilimia 16, miaka minne. Nikiuchukua naweza kununua pagale na kulimalizia. Mke wangu sijamwambia bado, nataka nimshtukize na funguo. Je, nichukue lipi? Au nifanye yote mawili kidogo kidogo?

Mwalimu, Kilosa

JIBU

Marahaba mwalimu. Na hongera ya akiba, maana kwa mshahara wa ualimu na watoto wawili, milioni 9 hazikujikusanya zenyewe.

Nasema 9 kwa makusudi. Zile 5 ni za mkeo. Alikupa umtunzie, hakukupa umnunulie pagale. Suala la kumshtukiza na funguo liache kabla hujaendelea kusoma. Siyo kwa sababu ya mapenzi tu, ingawa hilo nalo ni kubwa. Ni kwa sababu mwanamke aliyezungusha hela kwenye kikoba mwaka mzima huenda anajua kuhusu marejesho, riba na wadaiwa sugu kuliko mkufunzi wako wa elfu themanini. Mweleze leo, mpe na hesabu nitakazokuandikia hapa, msikilize atakachosema.

Tuje kwenye pagale, maana ndilo naona limekukaa moyoni.

Kwanza, kijana anayekuuzia hana cha kuuza. Mali ya marehemu haiwi ya mtoto mkubwa kwa kuwa yeye ni mkubwa. Anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi mahakama hiyo ni ya Mwanzo. Kikao cha ukoo kinampendekeza mtu, mahakama inamteua na kumpa barua ya usimamizi. Muombe barua hiyo. Akikuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo, mwambie huo ni mwanzo wa safari. Akikuonyesha barua yenyewe, chukua namba ya shauri, nenda mahakamani ukahakikishe kuwa shauri lipo, kwamba jina la msimamizi ni hilo hilo na kwamba hakuna pingamizi. Halafu ndugu wote wasaini, kila mmoja mbele ya wakili, siyo "wameridhia" ya mdomoni.

Na yule mama wa kibanda cha nyuma? Ameahidiwa na nani? Wewe umeongea naye? Mjane anaweza kuwa na haki yake kwenye mali ya mumewe, na hata kama kila karatasi ingekuwa sawa, siku utakapofika na mafundi akagoma kutoka, majirani watakuwa upande wake, baba yako mdogo akiwemo. Nimeona kesi za namna hii zikizunguka mahakamani mpaka tofali zinaota ukungu. Kama kuna jambo moja la kukutoa Kilosa kwenda Mbagala wiki hii, ni kukaa na huyo mama, bila kijana kuwepo, umuulize anataka nini.

Tuseme sasa karatasi zote ni safi na mama ameridhika kwa moyo wake. Hapo ndipo tufungue daftari la hesabu, na hapo ndipo wengi wanaoanza hufunga macho.

Pagale milioni 11, kumalizia milioni 13, jumla 24. Vyumba vinne kwa elfu 60 ni laki mbili na elfu arobaini kwa mwezi vikiwa vimejaa vyote. Havijai vyote. Mpangaji anahama, unapaka rangi, dalali anazungusha watu, mwezi umekwisha. Ukipiga kila chumba kikae tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, unapata 2,640,000. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10, toa 264,000. Matengenezo, vitasa, bomba, kuvuta choo, weka laki tatu, na hapo nimekuonea huruma. Unabaki na kama milioni 2 na elfu 76 kwa mwaka, kutoka kwenye milioni 24 ulizozika pale. Hiyo haifiki asilimia 9.

Na nusu ya hela ya kuipata hiyo asilimia 9 unaikopa kwa asilimia 16.

Isome tena hiyo sentensi na mkeo. Rejesho la milioni 12 kwa riba hiyo, kama inapigwa kwenye salio linalopungua, ni kama 340,000 kila mwezi kwa miezi 48. Kama benki inapiga riba kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, rejesho ni kubwa zaidi, kwa hiyo uliza kabla hujasaini. Nyumba ikiwa imejaa watu inakupa 240,000. Laki moja inayopungua inatoka kwenye mshahara wako, na hiyo ni baada ya nyumba kukamilika. Wakati fundi bado anajenga, 340,000 yote inakatwa kwako na hakuna anayekulipa hata senti. Ninyi watumishi mna kinga ya theluthi moja ya mshahara isiyoguswa na makato, ila theluthi hiyo ndiyo mtakula, mtavaa na mtasomeshea watoto kwa miaka minne.

Najua utaniambia nyumba inapanda thamani. Inapanda, hasa Dar. Lakini thamani huipati mpaka uuze, na watoto hawali thamani. Wenye uwezo wa kusubiri ndio wanaofaidi kupanda kwa bei, na mtu mwenye rejesho la kila tarehe 25 hana uwezo wa kusubiri.

Kuhusu ile milioni 13 ya fundi: sijawahi kuona makisio ya fundi wa mtaani yaliyojumuisha shimo la choo, kuvuta maji na kuunganisha umeme. Muulize vitu hivyo kimoja kimoja. Muulize pia kama kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri. Na mpeleke fundi wako mwingine, asiyemjua baba mdogo, akaukague msingi na hizo kuta zilizonyeshewa mvua tangu mwenyewe afariki.

Viwanja vya Mkuranga havitanichukua muda mrefu. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti kwenye ugawaji wake. Muhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa siku hiyo hiyo, chini ya mwembe, haukupi unachodhani unakupa. Hiyo "miguu 20" nayo, ni miguu ya nani? Hatua ya dalali mfupi siyo mita. Ukija kupima unaweza kukuta eneo pungufu kabisa kuliko lile ulilolipia, na wapimaji wakija rasmi wakachora barabara, wanaweza kuipitisha katikati ya viwanja vyako viwili.

Halafu hiyo lami inayokuja. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza Mji Mpya wa Kigamboni, na ramani zake zilikuwa nzuri kweli. Wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia, miaka ikapita, na mji uliochorwa haukujengwa. Kilichoipelekea Kigamboni watu ni daraja, lililofunguliwa Aprili 2016, siyo mchoro. Kwa hiyo ukiambiwa mradi unakuja, nenda halmashauri ya wilaya, idara ya ardhi, uulize umechorwa wapi na wanalipa fidia lini. Maana mradi ukija kweli unaweza pia kuja juu yako. Waulize waliojenga ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, waliobomolewa mwaka 2017.

Hata vikiwa safi, viwanja vinne visivyo na mpangaji vinakulipa nini kila mwezi? Sifuri. Vinakudai nauli ya kwenda kuangalia kama jirani hajasogeza mpaka.

Na mkufunzi wako. Hayo anayofundisha ameyatoa Marekani, ambako mtu anaweza kupata mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika, na bei ya nyumba ya jirani iliyouzwa juzi mara nyingi unaiona kwenye rekodi za wazi. Huku kwetu mikopo ya nyumba imekuwa ikizunguka asilimia 15 hadi 19. Kuuza nyumba yenye hati kunahitaji uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kodi ya ongezeko la mtaji TRA, ushuru wa stempu wa asilimia 1, kisha uhamisho wa hati. Sioni mtu mgeni akimaliza hayo yote, pamoja na kukarabati na kupata mnunuzi mwenye hela taslimu, ndani ya miezi mitatu. Muulize akuonyeshe nyumba moja tu aliyoifanyia hivyo Tanzania, na hati yake. Akisitasita, ujue biashara yake ni hilo darasa.

Sasa, kosa ninaloliona kwenye barua yako ni kwamba umeanza na muuzaji. Kuna muuzaji wa pagale, muuzaji wa viwanja, muuzaji wa mkopo, muuzaji wa darasa. Mpangaji hayupo popote isipokuwa kwenye mstari mmoja wa elfu 60. Geuza. Anza na mpangaji, umjue jina, mshahara na anachokosa, ndipo utafute ardhi ya kumjengea.

Na wapangaji hao unao hapo ulipo. Wewe uko Kilosa. Kuna walimu wenzako, kuna manesi na madaktari wa hospitali ya wilaya, kuna watumishi wa halmashauri wanaohamishiwa kila mwaka. Tangu 2024 treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inapita hapo kati ya Dar na Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Sikuambii mji utakuwa Dubai. Nimetoka kukuonya kuhusu miradi inayokuja. Nakuambia tu hawa ni watu unaoweza kuwauliza kesho asubuhi kwenye chumba cha walimu: unapanga wapi, unalipa ngapi, choo ni cha ndani au mnachangia, mita ya LUKU ni yako au mnagombana na jirani, ungeongeza kiasi gani ukipata chako peke yako? Majibu yao yana thamani kuliko somo lolote ulilolipia. Pengine utagundua wanaoanza kazi wanatafuta chumba chenye choo ndani na hawakipati. Pengine utagundua vyumba ni vingi mno na vingine viko tupu, na hapo utakuwa umeokoa milioni 14.

Ukiona mahitaji yapo, ulizia kwanza halmashauri kama ina viwanja vilivyopimwa inavyouza. Ukinunua kwa mtu binafsi, omba hati au barua ya toleo, nenda na namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue mmiliki ni nani na kama kuna benki au mahakama imekishika. Nenda na mpimaji akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, chini, siyo kwenye karatasi. Kama muuzaji ana mwenzi, mwenzi asaini; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine, na kesi za wake waliorudi kudai nyumba ziko nyingi. Mkataba uandikwe na wakili wako, siyo wa muuzaji, na hela ipite benki.

Ongea na wazee wa Kilosa kuhusu maji pia. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kung'oa reli ya kati. Kiwanja cha bei poa karibu na mto ule kinapendeza wakati wa kiangazi. Muulize bibi anayeishi pale maji yalifika wapi.

Kisha jenga kwa hela zako. Vyumba viwili vyenye choo ndani, kwenye msingi unaoruhusu kuongeza viwili baadaye, bila mkopo. Ni polepole, ndiyo, na hutapata picha ya kuweka kwenye kundi la darasa lako. Lakini wapangaji wawili wa kwanza watakufundisha kukusanya kodi, kumwambia mtu ahame, kutengeneza pampu usiku, na kama kazi hii unaiweza au huiwezi. Wapo watu wazuri kabisa wasioiweza. Mtu mwenye haya ya kudai hela yake asijenge vyumba vya kupangisha.

Wakati unauliza na kukagua, hela isilale kwenye akaunti ya mshahara ambako dalali anaifikia kwa simu moja. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaruhusu kutoa hela ndani ya siku chache za kazi na unapata faida huku ukisubiri. Mgao wa mkeo uwe kwa jina la mkeo. Na bakizeni ya dharura, miezi mitatu ya matumizi ya nyumbani, isiyoguswa na ujenzi hata mafundi wakilia.

Mkopo wa milioni 12 ukatae kwa sasa. Benki haitahama. Siku ukiwa na vyumba viwili vyenye watu na kumbukumbu ya kodi ya mwaka mzima, utaamua ukiwa na namba zako mwenyewe mkononi.

Umeuliza pia kama ufanye yote mawili kidogo kidogo. Hapana. Ukigawanya hela hii utapata kiwanja chenye utata na nusu ya nyumba yenye kesi.

Imebaki laki tatu ya dalali. Ilikuwa kishika uchumba cha biashara ambayo muuzaji bado hajathibitisha kuwa anamiliki anachouza, na hapo ndipo pa kushikia. Usimpigie, mwandikie ujumbe ubaki: taja tarehe uliyotuma, kiasi na namba ya muamala, kisha umwombe akutumie jina la mwenye eneo na nakala ya muhtasari wa halmashauri ya kijiji unaomruhusu kuuza, ndani ya siku saba, la sivyo arejeshe fedha. Akirudisha, vizuri. Akirudisha nusu, pokea nusu na uendelee kudai iliyobaki. Akizima simu, peleka ujumbe huo na taarifa ya muamala polisi, na umpe nakala mtendaji wa kijiji kile ili ajue nani anauza ardhi yao kwa simu.